Filamu Isiyo na Treni

Dada yangu alitengeneza filamu kwa sababu moja tu: alitaka Baba afungue mdomo. Waandishi wa habari aliwapa sababu nyingine, nzurinzuri, kuhusu sanaa na jamii na wajibu wa msanii, nao wakazinukuu zote. Lakini mimi ni kaka yake, na filamu yenyewe niliihariri mimi, kwa hiyo najua ninachosema.

Mama yetu alikufa katika ajali ya treni nilipokuwa darasa la tatu na dada yangu hajaanza shule. Tangu hapo Baba hakuizungumzia habari ile hata siku moja. Hakuwa mkali. Ukimuuliza juu ya Mama alikujibu juu ya kitu kingine, kwa upole, kama mwenye duka aliyeishiwa sukari anayekuonyesha majani ya chai. Yeye ni fundi miwani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka lake. Wateja wanakaa mbele yake kumweleza matatizo ya macho, na kabla hajamaliza kuwapima wameshamweleza na ya ndoa. Anawasikiliza mpaka mwisho. Ya kwake hajawahi kumweleza mtu.

Dada yangu nyumbani tunamwita Kiranja, kwa sababu tangu utotoni alikuwa anatupanga mstari, mimi na paka. Uongozaji wa filamu ni kazi hiyohiyo, ila paka ni wengi zaidi. Alipopata watu wa kumpa fedha, aliandika hadithi ya mama anayepanda treni kwenda kumwona dada yake na baba anayebaki nyumbani na watoto wawili. Aliipa jina Behewa la Tano. Akiwa anarudi treni inaacha reli, mama anakufa, anazikwa, na watoto wanakua na baba asiyesema. Majina alibadilisha, rangi ya nyumba akaibadilisha, lakini hata mtoto angejua ni sisi.

Ajali ilichukua dakika tisa za filamu. Kiranja alikodi behewa bovu kutoka kwa watu wa vyuma chakavu, akaliinua upande mmoja kwa jeki, akatandika magodoro mahali ambapo kamera haioni, na humo akawarusharusha watu wazima karibu wiki nzima. Mwigizaji aliyecheza mama alitoka na jino linalocheza. Dakika hizo tisa ndizo zilizokuwa filamu machoni pa Kiranja. Zilizobaki zilikuwa njia ya kuzifikia.

"Baba akiiona hii hawezi kunyamaza," alikuwa akiniambia tukiwa chumba cha uhariri. "Mtu hawezi kuiona hii akanyamaza."

"Baba anaweza," nilimjibu.

"Basi wewe kata picha, mambo ya Baba niachie."

Filamu ilikuwa itoke Ijumaa. Jumanne ya wiki hiyo, asubuhi watu wakienda kazini, treni ya abiria iliacha reli kwenye kona na mabehewa matatu yakabiringika mpaka bondeni. Idadi ya waliokufa ilikuwa inapanda kila taarifa ya habari. Simu ya kwanza niliyopigiwa kuhusu msiba ule haikuuliza wamekufa wangapi. Iliuliza filamu yetu inatoka lini.

Kumbi zote za starehe zilifungwa kwa maombolezo, na msambazaji wetu akatuita ofisini. Huyu tulimpachika jina la Bwana Pole, maana hajui kuanza sentensi bila pole. Ukimpelekea keki atakupa pole ya kuibeba. Siku hiyo pole zake zilikuwa na kazi. Ofisi yake ipo ghorofa ya tatu, juu ya benki, na tulipoingia tulikuta bango letu kubwa limeegemezwa pembeni, uso umeelekezwa ukutani kama mwanafunzi mtukutu.

"Poleni sana," alisema. "Kaeni. Naanza na mabango. Yanashuka leo."

"Yote?" Kiranja akauliza.

"Yana behewa limelala ubavu, dada yangu. Chini yake tumeandika 'Safari itakayokutikisa.' Jana kuna mtu amelipaka tope lile la njia panda, na mimi nimemwelewa."

Lile neno la kutikisa nililibuni mimi, na siku ile nililiona la mtu mpumbavu.

"La pili," Bwana Pole akaendelea. "Naomba filamu isiyo na treni."

Kiranja alimtazama. "Filamu inahusu treni."

"Najua."

"Inaitwa Behewa la Tano."

"Hilo nalo tutaliangalia. Poleni. Sitaki treni, sitaki reli, sitaki stesheni, sitaki hata honi ya treni kwa mbali. Na mazishi yatoke. Majeneza watu wanayaona kila siku kwenye televisheni, hawawezi kuyalipia tiketi."

"Basi tusubiri. Mwakani itatoka kama ilivyo."

"Mwakani ya nani? Hizi nafasi za kumbi baada ya maombolezo tumezipata kwa sababu wenye picha kubwa wameogopa, wamesogeza zao mbele. Tukisogea na sisi, tukirudi tutawakuta wamekaa. Itaishia kabatini, na humo kabatini nimeshazika picha nyingi nzuri kuliko yenu." Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Binamu ya mke wangu yuko hospitali. Amevunjika nyonga. Mimi nikienda kumwona, nimwambie natangaza nini?"

Mkataba ulimpa haki ya kukata. Kiranja angeweza kupiga kelele, na kwa kelele hana mpinzani, lakini filamu ikiingia kabatini Baba hataiona kamwe. Filamu bila ajali nayo haikuwa na cha kumwonyesha Baba. Alikaa na hayo mawili kwa dakika kadhaa, akiuma kucha, kisha akasema tukate, mradi ile filamu kamili isifutwe. Tukiwa kwenye ngazi alilia. Nilimshika bega, akaniambia niache, nisije nikamchafulia blauzi kwa mikono yangu.

Tulipewa siku nne za kuikata upya. Kutoa ni kazi nyepesi, mtoto wa shule anaweza. Tatizo ni pengo linalobaki. Tulipoondoa treni, stesheni, ajali na mazishi, mama alikuwa anafunga mlango wa nyumba na pochi yake mkononi, na papo hapo watoto wakawa watu wazima, mvulana ana ndevu. Ilikuwa kichekesho. Tulihitaji kitu cha kuweka katikati, na fedha za kurudi kupiga picha mpya hazikuwepo.

Mimi situpi kitu. Kila kipande kilichorekodiwa ninakihifadhi, hata kile ambacho kamera ilisahauliwa inazunguka, na Kiranja amenisema kwa tabia hiyo kwa miaka, ananiita muuza mitumba. Nikaanza kufukua. Siku ya pili nilikuta kipande cha mwigizaji aliyecheza baba, ameketi jikoni peke yake. Hakuwa anaigiza. Taa moja ilikuwa imeungua, mtu wa taa amekwenda kutafuta nyingine, wote wametoka nje kuvuta hewa, na kamera imeachwa ikirekodi. Yule bwana amekaa kwenye kiti, mikono mapajani. Anatazama mlango, maana huko ndiko mtu wa taa alikopita. Anainuka, anafunua sufuria iliyo juu ya jiko, anachungulia, anafunika. Anarudi kukaa. Anatazama mlango tena. Anajikuna shingo. Anainuka mara ya pili, anafunua, anafunika, anakaa. Mwongozaji hakuna, hadithi hakuna, kuna mtu amechoka kungoja.

Nikakiweka baada ya mama kufunga mlango. Nikatoa sauti za watu wa nje, nikaweka redio ya jirani kwa mbali. Nikamwita Kiranja.

Alikitazama mara moja. "Huyu anasubiri taa," alisema.

"Wewe unajua. Mtazamaji hajui."

"Ni uongo."

"Na behewa la vyuma chakavu lilikuwa nini?"

Alivuta kiti, akasema nikirefushe kidogo pale mwanzo kisha nikate kabla hajainuka mara ya tatu. Na hivyo ndivyo kilivyoingia. Bwana Pole alipokiona alitoa pole tatu, akaibatiza filamu jina la Atarudi. Kiranja alilichukia jina hilo mpaka akakataa kulitamka; akiwa kwenye simu alikuwa anasema "ile picha".

Tulitoka wiki mbili baada ya ajali, bila sherehe, bila zulia, na mabango yana picha ya mlango tu. Onyesho la kwanza walikuja watu kumi na kitu, na nusu yao walikuwa ndugu zetu ambao hawakulipa. Wiki nzima tuliambulia patupu. Nilishaanza kujizoeza kusema kwamba ni filamu ya watu wachache wenye kuelewa, kauli ambayo sisi watu wa filamu tunayo tayari mfukoni muda wote.

Halafu ikatokea jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelipanga. Ukumbi mmoja kati ya kumbi zetu unatazamana na hospitali kuu, ile ambako miili ilipelekwa. Miili mingine ilikuwa haitambuliki, na jamaa walikuwa wanakaa nje ya geti siku nzima wakisubiri kuitwa. Mwenye ukumbi aliwaona kwenye jua, akawafungulia mlango watumie vyoo. Walipokwisha kuingia akawaambia wakae, kuna viti na feni. Na kwa kuwa filamu aliyokuwa nayo ni moja, akaiwasha, labda kwa mazoea tu, maana yeye akiona watu wamekaa vitini mkono unakwenda wenyewe.

Alinisimulia baadaye kwamba pale mama anapofunga mlango walikuwa bado wanaongea, wengine wanakula, mmoja anambadilisha mtoto nepi. Sufuria ilipofunuliwa mara ya kwanza walinyamaza. Ilipofunuliwa mara ya pili kuna mwanamume mmoja alitoa sauti, si kilio hasa, na safu nzima ikamfuata. Mwenye ukumbi alitaka kuizima, wakamkataza. Onyesho lililofuata walikaa tena. Kesho yake walikuja na jamaa zao ambao hawakuwa wakisubiri mtu yeyote, na hao walilipa.

Wiki ya tatu ukumbi ule ulijaa, na kumbi za mtaa wa pili zikafuata. Bwana Pole alinipigia simu kila jioni kunisomea mauzo ya tiketi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisahau kutoa pole. Aliyelalamika ni mwenye ukumbi peke yake. "Picha yenu inanijazia viti na kuniua kwa njaa," alisema. "Bisi hainunuliwi. Mtu analia atatafunaje bisi? Wananunua maji tu." Sisi tulipata fedha zetu. Nilifurahi, na furaha yenyewe haikukaa vizuri kifuani. Kila nikisikia ukumbi umejaa nilijua umejazwa na nini. Sikurudisha hata senti.

Kiranja akawa mtu mkubwa. Waandishi walimsifu kwa kimya chake, kwa heshima yake, kwa kukataa kuonyesha damu. Mtangazaji mmoja wa redio alimuuliza, "Ujasiri wa kutotueleza mama alikwenda wapi uliutoa wapi?" Kiranja akamjibu, "Kwa msambazaji." Studio nzima ikacheka, wakaona ni mtu wa mizaha. Alikuwa anasema kweli, na alirudi nyumbani amenuna.

Lakini kilichomchoma zaidi kilikuwa kingine. Kwa kuwa hapakuwa na ajali wala mazishi, watu walibaki kubishana mama amekwenda wapi, na wako waliokata shauri kwamba ametoroka. Tuliwasikia kwa masikio yetu, siku tuliyokaa safu ya nyuma. Bwana mmoja alimwambia mkewe, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo, "Huyu ana mwanamume. Umeona alivyoshika pochi?" Mkewe akamwambia, "Pochi inashikwaje kwingine?" Bwana akasema, "Hivyo sivyo."

Kiranja alinikaba mkono mpaka nikaumia. Tulipotoka nje aliniachia. "Mama yangu wanamwita malaya," alisema. "Nimetumia miaka mitano kumwonyesha alivyokufa, na sasa watu wazima wanakaa gizani wanasema ametoroka. Na Baba akienda je? Akisikia mtu anasema hivyo mbele yake?"

"Baba haendi sinema."

"Asiende. Safari hii naomba asiende kabisa."

Hapo ndipo mambo yalipofika: filamu iliyotengenezwa ili Baba aione, mwenye filamu anaomba Baba asiione. Baba naye hakuuliza chochote. Nilipompitia dukani alikuwa anasaga lenzi zake, akaniambia jirani amepaka geti rangi mbaya.

Miezi ilipita na msiba ukapoa kwa wale ambao haukuwafika. Bwana Pole akapiga simu. Kituo cha televisheni kinataka filamu, alisema, na kinataka ile kamili, yenye treni. Watu wameshatulia, na sasa wana hamu ya kujua. Kiranja hakungoja amalize. Siku iliyofuata asubuhi na mapema tulikuwa chumba cha uhariri, nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, pazia jeusi limeshushwa, tunarudisha dakika tisa mahali pake. Alikuwa na raha kama mtu aliyerudishiwa gari lililoibwa. Alipiga mluzi. Aliniletea chai mwenyewe, jambo ambalo nililiandika moyoni.

Saa sita mchana mlango uligongwa, na aliyeingia alikuwa Baba. Hajawahi kufika pale. Alikuwa na aproni yake ya dukani, maana yake amefunga duka katikati ya wiki, na hilo pia hajawahi. Nilisimama. Kiranja alibaki ameshika kikombe.

"Shikamoo, Baba," tulisema wote wawili, kama watoto.

"Marahaba. Humu mnaonaje? Giza hili litawaua macho." Akavuta pazia kidogo, mwanga ukaingia. "Nimetoka kuiona picha yenu. Ile ya mlango. Nimekwenda onyesho la asubuhi, tulikuwa watu sita."

Kiranja aliweka kikombe chini. "Baba, hiyo siyo yenyewe. Hiyo imekatwa. Watu wanaielewa vibaya, wanasema Mama—" Akavuta kiti. "Kaa hapa. Yenyewe ni hii, tumeirudisha leo. Naomba uione. Nilikutengenezea wewe."

Alimpa kiti, Baba hakukaa. Alisimama nyuma yetu, mikono imefungwa mgongoni, na Kiranja akawasha dakika zake tisa. Behewa lilitikisika, taa zikazimika, watu wakarushwa, vyuma vikalia. Mwigizaji aliyecheza mama alinyoosha mkono kutafuta kitu cha kushika. Mimi nilikuwa simtazami yeye wala behewa, nilikuwa namtazama Baba kwenye kioo cha skrini ya pili iliyozimwa. Uso wake haukubadilika. Kiranja naye alikuwa amegeuka anamtazama waziwazi, mdomo wazi kidogo, anangoja.

Zilipokwisha, Baba alisema, "Mmefanya kazi kubwa." Alisema kwa ile sauti anayoitumia mteja akichagua fremu isiyompendeza.

Nilimwona Kiranja anakunja uso ili asilie.

"Hii mimi sikuwepo," Baba akaongeza, pole pole. "Sijui kama ilikuwa hivi. Labda ilikuwa hivi. Nionyesheni ile ya sufuria."

Nikaitafuta. Niliipita mara mbili kabla ya kuipata. Yule bwana akaketi kitini, akatazama mlango, akainuka, akafunua, akafunika. Akakaa, akajikuna shingo, akainuka tena, akafunua, akafunika. Hapo nilipokata, skrini ikawa nyeusi.

"Nani aliwaambia?" Baba akauliza.

"Nini, Baba?"

"Kwamba niliinuka kuangalia sufuria. Kuna mteja alinisimulia picha yenu, nikamuuliza aliinuka mara ngapi, akasema hakuhesabu. Ndiyo maana nimekwenda. Ninyi mlikuwa mmelala. Nyumba nzima nilikuwa macho peke yangu. Nani aliwaambia?"

Kiranja angeweza kusema alihisi tu, damu ni damu, na Baba angemwamini. Wataalamu wa filamu wote walishaamini makubwa kuliko hayo. "Hakuna aliyetuambia," alisema. "Huyu hakuwa anaigiza, Baba. Alikuwa anasubiri mtu wa taa."

Baba aliitafakari habari hiyo. "Aliinuka mara mbili. Ya tatu ipo?"

Kiranja alinitazama. "Ipo," nilisema, "lakini haifai. Watu walicheka."

"Iweke."

Nikaiweka, kama ilivyorekodiwa, na sauti zake zote. Yule bwana aliinuka mara ya tatu, akafunua sufuria, akatazama mlango kwa mara ya mwisho, kisha akachukua mwiko akaanza kula, amesimama, haraka haraka, anapuliza kwa sababu ni cha moto. Kicheko kikasikika kutoka dirishani. Sauti ya Kiranja ikasikika inapaa: jamani, hicho ni cha kupigia picha! Bwana akaendelea kutafuna.

Sisi hatukucheka. Baba alivuta kile kiti alichokikataa mwanzo, akakaa.

"Mimi nilikula nimekaa," alisema.

Feni ilikuwa inapiga kelele, hatukuthubutu hata kuizima.

"Nilipika mwenyewe siku ile. Alikuwa ananiambia kila siku kwamba bila yeye mimi nitakufa njaa, nikasema leo atanyamaza. Nikapika wali na nyama. Treni ya jioni ya kumrudisha, saa yake ikafika, ikapita. Nikasema yuko kwa dada yake, wamekaa wanapiga soga, wamesahau saa. Nikainuka nikaangalia, bado kina moto. Nikakaa. Nikainuka tena, kimeanza kupoa. Nikakasirika. Ninyi hamjui, nilikuwa na hasira sana zamani. Nikasema hanithamini huyu. Nikala changu. Halafu nikala na chake. Sikuwa na njaa, nilikula ili akija asikute. Nikaosha na sufuria, nikaigeuza. Nikalala, usingizi mzuri kabisa."

Alinyoosha aproni juu ya magoti.

"Asubuhi wakaja kuniambia. Wakasema wale wa behewa lake hawakufa pale pale. Walikuwa wamebanwa. Walisema yeye alikuwa anaongea na watu mpaka alfajiri." Akaigeukia skrini. "Muda wote ule mimi nilikuwa nimelala. Nimeshiba."

Miaka yote hiyo Kiranja alikuwa akimtafutia Baba sauti ya vyuma, na Baba alikuwa na sahani.

Kiranja ndiye aliyesogeza kiti chake, mpaka magoti yao yakagusana. Nilidhani atamwambia halikuwa kosa lake, maneno ambayo watu huyasema. Akauliza, "Kilikuwa kitamu?"

Baba alimtazama kama hakusikia vizuri. Kisha pembe za mdomo zikaanza kumcheza, na machozi yakatangulia.

"Chumvi," alisema. "Nilitia mara mbili. Kilikuwa hakiliki. Nilikuwa nakula nasema, akikionja huyu nimekwisha, atanicheka mpaka nizeeke."

"Angekucheka kweli?"

"Mama yako? Yule alinicheka siku ya harusi, mbele ya wazee. Hujawahi kusikia hiyo?"

"Hatujawahi kusikia chochote, Baba," Kiranja alisema.

"Basi ngoja," Baba akasema, akavua aproni, akaikunja juu ya meza yangu, akaanza.